Mkamwana na Gurudumu la Kipanya

Mama Anganile, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anasema mumewe alizeeka mbele ya macho yake Jumapili ile, kabla yeye hajamaliza hata ubeti wa pili wa kumwimbia.

Anasema alitoka kanisani moja kwa moja, akapanda hadi Nyumba ya Mwendo Mdogo, akavuta kigoda chake mbele ya kasha la kioo kama afanyavyo kila Jumapili. Mzee hakuwa ametulia. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, umbo halishikiki, kama panga la feni linapozunguka. Halafu akaganda, macho yamefumba, kwa muda wa kuchemsha chai. Halafu akaanza tena. Na ndevu, anasema, ndevu za mtu aliyeingia kashani amenyolewa, zilikuwa zimefika kifuani. Na ndani ya kasha alikuwemo mbu, mbu mmoja mwenye kelele, analia, ananyamaza, analia.

"Mbu ndani ya kasha, mama?" nikamuuliza.

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye unayelinda pale."

Alikuwa akimenya ndizi jikoni kwake, kanga ya kanisani bado kiunoni, vidole vimekwisha kuwa vyeusi kwa utomvu. Alimenya ndizi moja, akaitazama, akaimenya tena mahali ambapo hapakuwa na ganda.

"Mlinzi wa getini ananiambia, 'Ni majonzi hayo, mama, nenda kapumzike.' Majonzi yanaotesha ndevu? Yangekuwa yanaotesha ndevu, mimi ningekuwa beberu sasa hivi." Alitaka kucheka, mdomo ukakataa. "Nikamgongea mke wa mwanangu kwenye kioo cha walinzi, zamu ilikuwa yake. Hakugeuka. Na siwezi kumlaumu. Pale alipo baba mkwe wake, ageukeje?"

Nilijua. Sisi tuliozaliwa huku milimani Rungwe tunajua. Mkamwana hamtazami baba mkwe. Akimsikia anakuja njiani, anaingia shambani hadi apite. Hamtaji jina. Hali naye, hamsemeshi. Wengine mjini wameacha, lakini Tumpe, mke wa Anganile, alilelewa na bibi yake, na bibi yake hakuwa mtu wa kuacha kitu.

"Nenda kaangalie, Subilaga," akasema Mama Anganile. "Zamu yako si leo mchana? Nenda mapema. Kaangalie kwa macho yako, halafu unipigie. Nikiwa nimerukwa na akili, uniambie nimerukwa. Nitakubali."

Nikachukua mwavuli.

*

Tumpe alikuwa kwenye kiti cha mlinzi, mgongo ameupa ukumbi wa makasha, uso kaelekeza kwenye dirisha la nje, kwenye mashamba ya chai na mvua. Chumba chetu kimetenganishwa na ukumbi kwa kioo tu, na kasha la Mzee Mwaisumo, baba mkwe wake, ndilo la karibu zaidi. Kila mara alipokaa zamu, Tumpe alikigeuza kiti namna hiyo. Nilishazoea.

"Umewahi," akasema bila kugeuka. "Moshi umekufukuza kwako?"

"Mama mkwe wako ana hofu."

"Nimemsikia akigonga." Akazidi kutazama nje. "Ningefanyaje, dada? Alikuwa amesimama sambamba naye. Ningemtazama mama ningemwona na baba."

Nilikuwa nasikiliza. Kutoka ukumbini, kupitia kioo, kilikuja kisauti chembamba. Kililia, kikanyamaza, kikalia.

"Huyo mbu kaingia lini?" nikauliza.

"Tangu jana yupo. Nimepuliza dawa hadi nimeumwa kichwa. Subiri nimalize mzunguko, nikuachie kiti."

Mzunguko wenyewe ni huu. Katika kompyuta ya zamu kuna ukurasa mmoja mrefu, na ukurasa huo una watu thelathini na mmoja, wamepangwa kuanzia juu hadi chini. Kila mtu ana picha yake ya wakati huohuo, mapigo yake ya moyo, na chini ya picha kisanduku chenye namba: mwendo wake. Mtu kama mimi na wewe, mwendo wetu ni moja. Waliomo makashani wamewekwa kwenye sifuri nukta sifuri moja. Siku mia zikipita huku kwetu, kwao imepita moja. Ni watu ambao dawa zao bado hazijawa tayari. Mzee Mwaisumo ana uvimbe kwenye ini. Daktari alimpa miezi miwili ya kuishi, na dawa inayooteshwa kwa damu yake mwenyewe kule Mbeya itakuwa tayari baada ya masika ya mwakani. Ile miezi miwili tukainyoosha. Ndiyo kazi ya nyumba ile, kunyoosha. Na kazi yetu walinzi ni kumpitia kila mmoja kwa macho, wote, bila kuruka hata mmoja. Hiyo ni amri.

Tumpe aliwahi kuomba picha ya baba mkwe wake ifunikwe akiwa zamu yeye. Ofisini wakacheka. Basi akamwendea Fundi Rwiza, mtu wa Bukoba anayetutunzia mitambo, akamwomba jambo dogo tu: gurudumu la kipanya liende haraka, ili akifika pale kwenye yule mtu, ukurasa uruke, asimwone. Siku hiyo nilikuwepo. Rwiza alicheka naye.

"Mkwe wako anauma?"

"Fundi, we nifanyie tu."

"Kwenye kompyuta nyingine ungejivutia mwenyewe kwenye mipangilio. Hii tuliyowekewa hapa inaendeshwa na Linux, kasi ya gurudumu haina pa kuivuta, mpaka niandike." Akafungua faili dogo, akaandika kwamba kila jino moja la gurudumu lihesabiwe kama meno ishirini. "Haya. Sasa hata ukipiga chafya, utafika mwisho wa ukurasa. Usiniletee lawama."

Hayo yalikuwa Ijumaa. Jumamosi mimi nilikuwa msibani kwa shangazi, Tumpe akaunganisha zamu. Usiku hatulindi, tunaachia kengele.

Sasa nilisimama nyuma ya kiti chake nikamtazama anavyofanya. Alitembeza ukurasa kwa vitufe vya kibodi, pole, akimwangalia kila mtu vizuri kabisa, yule mwanamke wa Kyela, yule kijana wa bodaboda, wale mapacha. Alipofika kabla ya Mzee Mwaisumo akageuza uso dirishani, akafumba na macho, kidole kikafyatua gurudumu mara moja.

Ukurasa haukuruka.

Mshale wa kipanya ulikuwa umekaa juu ya kisanduku cha namba. Sijui kama wewe umewahi kuona jambo hili: ukizungusha gurudumu wakati mshale uko juu ya kisanduku cha namba, ukurasa unasimama, inayozunguka ni namba. Niliiona ikizunguka. Ilikuwa ishirini. Ikawa arobaini.

Tumpe akapapasa, akasogeza kipanya kidogo, akafyatua tena. Safari hii ukurasa ukaruka, Mzee Mwaisumo akapita juu kama jani lililopeperushwa. Tumpe akafumbua macho, akamwona mtu anayefuata, akapumua.

"Basi," akasema. "Wote wako salama."

*

Siwezi kusema nilipiga kelele. Miguu ndiyo iliyoelewa kwanza, maana nilijikuta nimekaa sakafuni, na Tumpe ameniinamia, "Dada! Dada Subi! Umekula?"

"Mwendo wa baba mkwe wako," nikasema.

"Una nini?"

"Ni arobaini."

"Arobaini nini?"

Nikanyanyuka, nikatazama ukumbini. Kile kivuli kinachotetemeka ndani ya kasha kikaganda. Mzee akalala chali, mkono juu ya paji la uso, kama mtu yeyote aliyechoka. Ndevu hazikuwa zimefika kifuani, zilikuwa za urefu wa ncha ya kidole. Mashavu yameingia ndani. Mfuko wa chakula unaoning'inia humo humo kashani, ambao ungetosha miaka, ulikuwa umesinyaa kama kibofu. Nilihesabu moyoni polepole, nikafika mbali. Halafu akaruka, akawa kivuli tena, na mbu akaanza kulia.

Alikuwa amelala usiku mzima, kisha ameamka. Mbele yangu.

Namba hizo walinzi hatuzishushi, nikamwita Fundi Rwiza; alipofika, amelowa, shati kifungo kimepotea njia, alitazama namba akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Na kengele je?" nikamuuliza.

"Kengele inasikiliza moyo. Moyo ukienda mara arobaini, mtambo unadhani ni shoti ya waya, unapuuza. Nani angeweka kengele ya jambo ambalo halipo?" Akakaa. Akasimama. "Tumpe, jana asubuhi ulipita saa ngapi? Saa mbili? Mungu wangu. Jana ishirini, leo arobaini au vyovyote... karibu mwezi mzima umemwishia."

"Alikuwa usingizini lakini," akasema Tumpe. Alisema huku ametazama dirishani, mikono imebana pindo la sweta. "Si walisema humo ni usingizi?"

Rwiza alivuta sauti ya kipaza sauti cha kasha, ile ya mbu, akaikata kipande, akaipunguza mwendo kidogo kidogo. Mbu akawa filimbi. Filimbi ikawa mtoto. Mtoto akawa mwanamume mzima mwenye koo kavu, anaongea pole, kwa adabu, kama mtu anayeongea na mgeni aliyekaa kimya sebuleni.

"...leo tena hujageuka. Si kitu. Nimekuona ukinywa chai. Umeinua kikombe, mimi nimesali sala zote ninazozijua, bado hujakifikisha mdomoni. Taa zikizimwa, mkamwana, ndipo ninapokuomba sana. Zikizimwa haziwaki. Nimelala na kuamka, nimelala na kuamka, nikadhani nimeshakufa na huku ndiko..."

Tumpe alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Alijiziba masikio, lakini uso hakuugeuza. Hata hapo hakuugeuza.

Usiku mmoja wa kwetu. Tumpe alizima taa akaenda zake, mimi nikala kande msibani.

"Zima," akasema Rwiza, na mwenyewe ndiye aliyekuwa na kidole kwenye kitufe. Akazima. Akatusogelea, sauti akaishusha. "Sikilizeni, mabinti. Aliyekufa hayupo. Bado ana mwezi na kitu. Dawa inataka mwezi mzima wa kumtibu, kwa hiyo bado inawezekana, kwa kubanabana. Namrudisha kwenye polepole, gurudumu nalirudisha lilivyokuwa, tunanyamaza. Yakitoka nje haya, nyumba itafungwa. Na ikifungwa, hawa thelathini wengine mtawaweka wapi? Kitandani kwenu?"

Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Alikuwa akiogopa kuliko sisi, na alichosema kuhusu wale thelathini kilikuwa kweli. Nilimtazama yule kijana wa bodaboda kwenye kasha lake, mdomo wazi kidogo. Mama yake huja na maua ya plastiki.

Hata hivyo nilishatoa simu.

"Unampigia nani?"

"Mama Anganile. Alisema nimwambie kama amerukwa na akili."

"Subilaga!"

"Hajarukwa, Fundi."

Mama alipokea kabla haijaita mara ya pili. Nilimwambia maneno machache. Hakulia. Alisema, "Nakuja, mwambie nakuja," na nikasikia sufuria ikianguka. Kwa matope yale na miguu yake ile, isingepungua saa nzima.

*

Kuna jambo moja ambalo Rwiza hakuweza kulikwepa. Mwili haushuki kutoka arobaini hadi polepole kwa mkupuo, ungepasuka ndani. Lazima upitie kwenye moja, utulie hapo nusu saa. Na mtu aliye kwenye moja yuko kama sisi. Anaona, anasikia, anasema.

Wakati huo wa nusu saa ndipo sheria ya nyumba inapompa nafasi ndugu. Ndugu akitamka jina la aliyemo na neno "toka", kasha linafunguka. Asipotamka mtu, nusu saa ikiisha mtambo unamrudisha kwenye polepole wenyewe. Aliyemo haulizwi. Wakati sheria inatungwa waliamini amelala.

Anganile alikuwa safarini, simu yake haikupatikana. Ndugu aliyekuwepo chini ya paa lile alikuwa mmoja tu.

Rwiza alishusha namba kwa kuiandika kwa vidole, tarakimu moja moja. Kipanya hakukigusa. Kivuli kikapungua kutetemeka, kikawa na mabega, kikawa na macho. Mzee Mwaisumo akaketi. Akautazama mkono wake mwenyewe ukisogea, akautazama mlango wa ukumbi, akanitazama mimi nikipepesa kope, na machozi yakamtoka.

"Mnasogea," akasema.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Wewe ni wa kwa Mwakyoma, wa nyumba ya jirani." Akafuta uso kwa kiganja. "Nimekaa humu muda gani?"

Rwiza akatazama chini. Nikamwambia: tangu jana.

Alicheka. Kicheko kirefu, kikavu, kilichonifanya nirudi nyuma hatua. "Jana," akasema. "Jana! Haya."

Nikamweleza yote, bila kuficha, kwa sababu nilimwona kuwa mtu aliyekwisha kuongopewa na ukimya vya kutosha. Nikamweleza gurudumu. Nikamweleza kwa nini liliongezwa kasi. Hapo aliinua mkono ninyamaze, akageuza macho polepole hadi kwenye kile kiti kilichompa mgongo.

"Kwa hiyo ni heshima," akasema.

Tumpe alikuwa ameinama, paji la uso limegusa kioo cha dirisha.

"Mwanzoni na mimi nilifanya hivyo hivyo," mzee akaendelea, akiuambia ule mgongo. "Nilipofumbua macho nikakuona uko karibu vile, niligeukia upande wa pili. Nikasema, mkwe na mkamwana hawakai chumba kimoja, nani katuweka hivi? Nikalala ubavu hadi ubavu ukachubuka. Siku ngapi, sijui. Halafu nikageuka. Nisamehe, niligeuka. Hapakuwa na mtu mwingine duniani. Najua una alama nyuma ya sikio. Najua unapochoka unaegemea kulia. Nimekutazama kuliko nilivyomtazama mama yake Anganile katika ndoa yetu yote, na aibu imenitoka kabisa. Imeisha. Haimo tena."

"Baba," nikasema, "mama yuko njiani anakuja. Atafika."

"Atafika nusu saa imeisha?"

Nikamtazama Rwiza. "Itakuwa imeisha," akasema Rwiza.

"Na hata angewahi, angenirudisha. Ananipenda, angenirudisha ningoje dawa, aje aniimbie kila Jumapili." Akaweka kiganja kwenye kioo cha kasha kwa ndani. "Sikatai dawa, kijana. Dawa ni nzuri. Lakini humu sirudi. Taa zenu zikizimwa tena mimi nitajuaje ni kwa muda gani? Mtaniambia namba ni ndogo. Hata hii mliniambia ni ndogo. Nina mwezi na siku kadhaa, si ndivyo? Nipeni niutembee. Nile ndizi moto. Nigombane na mtu."

"Bado dakika tano, mzee," akasema Rwiza. "Mimi siwezi kulifungua. Ningeweza ningelifungua, naapa. Linataka sauti ya ndugu."

"Ndugu yupo."

Tumpe alianza kutikisa kichwa, taratibu, paji likisugua kioo cha dirisha.

Nilimpigia magoti pembeni ya kiti. Uso wake ulikuwa umelowa wote, midomo imebanwa hadi imekuwa myeupe. "Nikimtoa atakufa," akaninong'oneza. "Nitakuwa nimemuua mara ya pili. Nitamwambia nini Anganile? Nikikaa kimya anaweza kupona. Dada, anaweza kupona."

"Anaweza," nikasema. Ilikuwa kweli.

"Na jina lake... dada, hata usingizini silitaji."

Sikumwambia afanye nini. Hata leo ukiniuliza, sijui ningemwambia nini. Nilimshika kifundo cha mguu, maana ndicho kilichokuwa karibu, na kilikuwa cha baridi.

Kwenye ukurasa, chini ya picha ya mzee, dakika zilikuwa zinajihesabu kurudi nyuma. Rwiza alikuwa amefunika mdomo. Kule ukumbini mzee alijisogeza hadi mwisho wa kasha, karibu kabisa na kile kioo kinachotutenga, akajikohoza kama mtu anayebisha hodi.

"Mkamwana," akasema. "Binti yangu. Kwetu baba mkwe haombi kitu kwa mkamwana, najua. Mimi naomba. Geuka uniangalie, kisha nitaje."